Kabla ya kutafuta bosi, tafuta wenzako

Msanii chipukizi wa Bongo Fleva ukimuuliza kinachomkwamisha, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: koneksheni. Anachokusudia ni mtu wa juu yake, awe mtangazaji atakayeucheza wimbo wake, meneja mwenye fedha, lebo yenye jina au staa atakayekubali kolabo. Kutwa anawatumia ujumbe watu wasiomjua, huku prodyuza aliyemrekodi kwa mkopo na mpiga gitaa aliyempigia bure wakisubiri hata simu ya shukrani. Naona hesabu hiyo imepinduliwa. Mahusiano ya kikazi yaliyodumu na kuzaa matunda katika muziki wetu ni yale ya msanii na wenzake wa kazi moja. Wakubwa huja baadaye, na masharti yao huwa nafuu kwa yule ambaye tayari ana watu wake.

Anayedhani haya ni maneno ya kuwafariji wanyonge aangalie historia ya muziki wa dansi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika na jina la bendi likabadilika: JUWATA, kisha OTTU, hadi Msondo Ngoma ya leo. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake, Muhidin Gurumo akiwamo, walikwenda kuunda Mlimani Park, maarufu kama Sikinde. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawachomoa Mlimani Park wanamuziki sita kwa mkupuo, Gurumo akiwa mmoja wao, akaunda safu mpya ya Orchestra Safari Sound. Kisima alikuwa na fedha na vyombo, lakini tazama alichokwenda kununua. Hakumtaka mwimbaji mmoja nyota peke yake. Alitaka watu waliokwisha kuzoeana, wanaojua nani ataingia wapi bila kukonyezana. Safu ile haikudumu, na Gurumo alirudi Msondo, alikostaafia mwaka 2013. Huko Nairobi, mwaka huohuo wa 1978, wapigaji kadhaa wa Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Kinyonga waliotokea Tanga, walijitoa pamoja wakaanzisha Les Wanyika, bendi iliyotupa “Sina Makosa”. Wenye vyombo walikuja na kupita, wapigaji wakaendelea kutafutana.

Kizazi cha kompyuta hakikubadilisha jambo hilo. Sauti Sol walianza mwaka 2005 wakiwa vijana wa Nairobi, baadhi yao wakiwa wamesoma na kuimba pamoja shuleni. Walikaa kundi moja hadi mwaka 2023, na katikati wakaanzisha lebo yao wenyewe, Sol Generation. Marapa AY na Mwana FA wamebebana miaka mingi, kila mmoja akiwa na jina lake na kazi zake. Hata albamu ya Professor Jay ya mwaka 2001, “Machozi, Jasho na Damu”, haisimuliki bila P-Funk Majani na studio yake ya Bongo Records. Msanii na prodyuza walikua pamoja. Hakuna aliyekuwa akimpa mwenzake sadaka.

Najua nitakachojibiwa. Nchini mwetu, bila redio huendi popote, na mtu mmoja akikukunjia uso wimbo unafia kwenye flashi. Kweli, kwa miaka mingi nguvu ya vituo vichache ilikuwa kubwa mno, na haikuwa ya haki siku zote. Lakini hata Tanzania House of Talent ya marehemu Ruge Mutahaba wa Clouds Media, ambayo wengi huitaja kama mfano wa mkubwa kuwashika vijana mkono, iliwakusanya vijana chini ya paa moja wafanye mazoezi pamoja. Barnaba, Linah na Mwasiti hawakupata jina la bosi tu, walipata wenzao. Wengine watanitajia kolabo ya Diamond Platnumz na Davido katika “Number One”, iliyomfungulia Mtanzania huyo milango ya Nigeria. Mfano huo unanisaidia mimi. Wimbo ulikwishavuma nyumbani kabla ya kurudiwa na Davido, na kila mmoja alikuja na mashabiki wake. Huko ni kubadilishana. Chipukizi anayeomba kolabo mikono mitupu anaomba kitu kingine kabisa.

Upande wa lebo ushahidi ni mkali zaidi. Rich Mavoko alifikisha mgogoro wake na WCB, lebo ya Diamond, mbele ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) mwaka 2018. Harmonize alijitoa mwaka 2019, na mwenyewe alisema hadharani kwamba ilimlazimu kulipa shilingi milioni 500. Rayvanny akafuata mwaka 2022. Siilaumu lebo hiyo: iliwekeza, ikawatangaza, na biashara haiendeshwi kwa huruma. Ninachosema ni kwamba msanii anayeingia akiwa peke yake, bila meneja anayemwamini wala mwanasheria wa kumsomea mkataba, husaini chochote kilicho mezani, kisha miaka michache baadaye hugundua kuwa mlango wa kutokea una bei.

Kuna pingamizi moja zito kuliko hayo, nami nalikubali kwa sehemu kubwa: washikaji hudhulumiana. Makundi mangapi yamevunjika kwa fedha ya shoo moja? Tatizo hapo ni kwamba undugu hutumika badala ya malipo. Maneno “mwanangu, tutaonana” yameua ushirikiano mwingi kuliko bifu zote za mitandaoni. Dawa yake haihitaji mtaji. Kabla wimbo haujatoka studio, wahusika waandike kwenye karatasi nani ametunga mashairi, nani ametengeneza mdundo, nani amepiga gitaa na kila mmoja anastahili asilimia ngapi, wote wasaini, kisha kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na pia inawatambua watumbuizaji na watayarishaji wa rekodi. Haki hizo zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi wa nani alifanya nini, na ushahidi huo hauwezi kuletwa na bosi yeyote.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kumwandikia staa ujumbe wa kumi na moja, mpigie mpiga gitaa wa wimbo wako uliopita. Muulize kama amelipwa, na jina lake limeandikwa wapi.