Marufaa ya Kishikwambi

Mwezi huu nataka kuwaeleza kazi ya ubao mmoja, isiyotaka msumari wala gundi.

Wengi wetu hapa Feri twasoma Neno katika kishikwambi. Walimu waligawiwa na Serikali vile vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022, na vijana wengine wamewanunulia wazee wao, kwa kuwa herufi zake hukuzwa hata mwenye macho hafifu akaziona. Walakini chombo hiki hakina miguu. Bibi mmoja wa mtaa wetu alikuwa akikiegemeza kwenye chupa ya chai; kikaanguka mara mbili, na kioo kikaingia ufa. Tangu hapo akaogopa kukigusa, akaacha kusoma. Ndipo nilipomwendea jirani yangu, fundi seremala, naye ni Mwislamu. Akanitolea marufaa ya marehemu baba yake, ambayo juu yake huwekwa Msahafu. "Mwalimu," akasema, "kazi unayoitaka ilikwisha buniwa zamani."

Na ni zamani kweli. Katika nyumba ya makumbusho ya Metropolitan, huko New York, imo marufaa iliyochongwa mwaka 1360 na fundi Hasan bin Sulaiman wa Isfahan.

Basi, twaa ubao mkavu wa mninga au msaji, urefu inchi 16, upana inchi 7½, unene inchi 1½. Nasema mkavu, kwani ubao wangu wa kwanza naliununua mbichi kwa kupenda bei nafuu. Kabla ya wiki mbili ukajipinda, ukapasuka, ukaishia jikoni.

Pima inchi 6 kutoka juu, upige mstari wa kukata upana, na chini yake mstari wa pili, nafasi kati yake iwe sawa na unene wa ubao. Fanya hivyo pande zote mbili. Nafasi hiyo igawe vidole vitano, kila kimoja inchi 1½. Upande wa mbele, kidole cha 1, cha 3 na cha 5 vikate kwa patasi kwenye mstari wa chini. Cha 2 na cha 4 kwenye mstari wa juu. Kina kiwe nusu ya unene, usizidishe. Upande wa nyuma fanya kinyume chake. Kisha vitenge vidole kwa msumeno mwembamba, uvichonge viwe mviringo ili vipate kuzunguka. Mwisho pasua ubao katikati ya unene wake, kutoka juu na kutoka chini, hata ufikie vidole. Hapo mkono usiharakishe. Ukifungua, mbao mbili zitapishana kama mikasi, wala hazitaachana. Patasi nyembamba hupatikana madukani Kariakoo.

Kwa nakshi mimi nalichagua samaki na mnyororo, ambazo huonekana katika milango ya kale ya Unguja. Na samaki ilikuwa alama ya Wakristo wa kwanza, tena sisi wa Feri hatuhitaji kuonyeshwa samaki alivyo. Toboa nakshi hata upande wa pili, kwa maana chombo kikiwaka muda mrefu hupata joto, na hewa sharti ipite. Usijaze ubao wote mapambo. Piga msasa, upake mafuta ya kitani. Kishikwambi kilaze ubavu, ili tundu la waya libaki wazi.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama kitu cha msikitini kinafaa nyumbani mwa Mkristo. Nikamwuliza ngalawa zinazotuletea kitoweo zaundwa na nani. Akanyamaza; sijui kama aliridhika.

Marufaa ya kwanza iliyofaulu nalimpelekea yule bibi Jumamosi jioni. Alikisukuma kishikwambi kwa kidole kimoja, taratibu, apate kuona kama kitaanguka. Hakikuanguka. Akaomba miwani yake, akatusomea Zaburi mbili na ufa ule ule ukipita katikati.

Fundi hakutaka ujira. Aliomba tu mwanangu aende amwonyeshe jinsi ya kukuza herufi katika simu yake, kwa maana macho yake nayo yamechoka.