Machozi Tumeyapokea, Mgomo Tumeuacha

Yako maneno yanayosemwa sana katika mabaraza ya ushairi, nayo husemwa kwa upole hata yakadhaniwa kuwa ni hekima: kwamba shairi na mgomo havipikwi chungu kimoja. Shairi, twaambiwa, ni la moyo, na mgomo ni wa tumbo. Mshairi na amlilie mfanyakazi apendavyo, ila asimfuate hadi langoni mwa kiwanda siku anapoweka zana chini. Nami nasema kwamba hiyo ni hekima ya walioshiba. Ushahidi wangu nautoa katika fasihi ya Marekani, kwa kuwa ndiyo wasemaji hao wanayopenda kuitolea mifano.

Tuanze na riwaya ya Upton Sinclair, The Jungle, iliyotoka kitabu mwaka 1906. Sinclair alikwenda Chicago mwaka 1904, mwaka ule ule ambao wafanyakazi wa viwanda vya nyama waligoma wakashindwa. Alikaa nao kiasi cha wiki saba, akitazama na kusikiliza. Kisha akamchora mhamiaji kutoka Lithuania, Jurgis Rudkus, ambaye kazi ilimnyang’anya afya, nyumba, mke na mtoto. Wasomaji walisoma nini humo? Walisoma nyama. Walishtuka kwamba kinachofika mezani mwao ni kichafu, na tarehe 30 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt akatia saini sheria mbili, ya ukaguzi wa nyama na ya usafi wa vyakula na dawa. Ni sheria njema, hapana ubishi. Lakini zilimlinda mlaji, na aliyeshika kisu machinjioni akabaki pale pale alipokuwa. Mwandishi mwenyewe aliishi akilalamika kwamba mshale wake ulipiga sipo. Wahenga wamesema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa mwenye shibe alisoma kitabu kizima cha mwenye njaa, na alichokiona ni sahani yake tu.

Yaliyomfika Sinclair yalimfika John Steinbeck kwa njia nyingine. The Grapes of Wrath ya mwaka 1939 inasimulia ukoo wa Joad, wakulima wa Oklahoma waliofukuzwa na vumbi na mabenki wakaelekea California kuchuma matunda ya watu. Katika kitabu, ukoo huo kwanza unapata stara katika kambi ya serikali. Kisha kazi inakosekana, wanahama, wanafika katika shamba la matunda lenye mgomo. Hapo Jim Casy, aliyekuwa mhubiri na sasa ni kiongozi wa wagomaji, anapigwa rungu na kufa. Kitabu kinakwisha katika mafuriko na njaa, na mtoto aliyezaliwa mfu. Filamu ya John Ford ya mwaka 1940 ilipindua mpango huo. Mgomo ukatangulizwa na kambi ya serikali ikafuata, na mwisho ule wa mafuriko ukaachwa. Mtazamaji hutoka akiwa amefutwa machozi, akidhani kwamba aliyegoma alikuwa na haraka tu, na lau angalisubiri angalipewa. Filamu ni nzuri mno, na kwa uzuri wake imewafundisha wengi kuwahurumia akina Joad bila ya kumwuliza Casy alikufa kwa nini.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Huruma isiyokubali mgomo humtaka mfanyakazi abaki yatima daima, ili sisi tupate pa kuweka sadaka zetu. Tunampenda akiwa amelala chini, na akisimama tunasema ameharibu shairi.

Anayeshuku kwamba shairi na mgomo ni ndugu na aende Lawrence, mji wa viwanda vya nguo katika jimbo la Massachusetts. Mwezi Januari 1912 sheria mpya ilipunguza saa za kazi za wanawake na watoto kutoka 56 hadi 54 kwa wiki, na matajiri wa viwanda wakapunguza ujira kwa kadiri hiyo hiyo. Zilikuwa senti chache, ila kwa mwenye kuhesabu mikate senti chache ni chakula cha nyumba. Wafanyakazi zaidi ya 20,000, wa mataifa na lugha nyingi, wakatoka viwandani. Mfanyakazi mwanamke, Anna LoPizzo, aliuawa kwa risasi, na waliokamatwa ni viongozi wa mgomo Joseph Ettor na Arturo Giovannitti, ambao hawakuwapo mahali pale. Shitaka lilikuwa kwamba maneno yao ndiyo yaliyochochea.

Huyo Giovannitti alikuwa mshairi, mzaliwa wa Italia. Wagomaji walishinda mwezi Machi na kuongezewa ujira, naye akabaki gerezani hadi Novemba, alipoachiwa huru na mahakama. Katika kifungo hicho aliandika mashairi kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuzaliwa nayo, likiwamo lile la nyayo za mfungwa anayetembea usiku kucha. Mwaka 1914 yalitoka katika diwani ya Arrows in the Gale, yenye dibaji ya Helen Keller. Ajabu iliyoje! Mwendesha mashitaka aliamini kwamba neno la mshairi lina nguvu ya kutosha kumtia kitanzini, ilhali wahakiki wetu hawaamini kwamba lina nguvu ya kuitwa ushairi.

Watanijibu kwamba tungo nyingi za migomo ni mbovu. Nakubali. Na tungo za mapenzi je? Tumezisoma ngapi zilizooza kwa asali, na hakuna aliyetoka akasema mapenzi yaondolewe katika ushairi. Mbaya huhukumiwa kwa ubaya wake, wala maudhui hayashitakiwi kwa kosa la fundi. Pale alipopatikana fundi, kazi ilionekana. Muriel Rukeyser alikwenda Gauley Bridge, West Virginia, mwaka 1936, mahali ambapo mamia ya vibarua, wengi wao weusi, walikufa kwa vumbi la jiwe walilolivuta wakichimba handaki la maji. Katika The Book of the Dead, mwaka 1938, alitia ndani ya shairi ushahidi uliotolewa mbele ya kamati ya Bunge, na hata bei ya hisa za kampuni. Ni shairi, tena zito.

Mwingine atasema: pilipili usiyoila yakuwashiani? Chicago na sisi wapi na wapi? Tunaila, bwana. Kila tarehe 1 Mei tunapumzika na kuandamana, na siku hiyo asili yake ni Chicago, katika mgomo wa kudai kazi ya saa nane uliofanyika Mei 1886. Tarehe 4 bomu lilirushwa katika uwanja wa Haymarket, na aliyelirusha hajajulikana hadi leo. Wanne wakanyongwa tarehe 11 Novemba 1887. Mkutano wa wanajamaa uliofanyika Paris mwaka 1889 ukaichagua siku ile kwa ajili ya dunia nzima. Marekani yenyewe ikaweka siku ya wafanyakazi mwezi Septemba. Rais Cleveland alitia saini sheria hiyo Juni 1894, siku chache kabla ya kupeleka askari kuvunja mgomo wa reli huko huko Chicago. Sikukuu kwa mkono mmoja, bunduki kwa mkono wa pili.

Mimi mfasiri, niliyejifunza kazi hii peke yangu na kamusi zangu, nimelipenda jambo moja la lugha. Neno la Kiingereza la mgomo wanaisimu hulirejesha kwa mabaharia wa London waliotua matanga mwaka 1768 ili meli zisiondoke. Kwetu sisi, hugoma punda, mashine na mtu. Punda akigoma hupigwa, mashine ikigoma hutengenezwa. Mtu akigoma anasema jambo, na anayestahiki kulisikia kabla ya wengine ni mshairi.

Basi enyi wenzangu wa kalamu, tafsiri ni amana. Tukimleta Jurgis, tumlete na chama chake. Tukiwaleta akina Joad, tusimwache Casy njiani.