Duara la Kichina na Gome la Ituri

Duara la yin na yang, jeusi kwa jeupe, limefika hadi Bunia, mkoani Ituri, kwa fulana na tatuu za mwilini, na maelezo yake yamekuja nalo. Mengi yamepotoka.

"Nyeupe ni wema, nyeusi ni ubaya." Sivyo. Katika fikra za China, yin ni kivuli, baridi na utulivu. Yang ni jua, joto na mwendo. Usiku haujaukosea mchana. Ndiyo maana kila nusu imebeba kitone cha mwenzake: nguvu moja ikifika kileleni, nyingine huanza kuchipua ndani yake.

"Penye umbo hilo pana fikra hiyo." Hati ya Kirumi iitwayo Notitia Dignitatum, ya mnamo mwaka 400, ina ngao yenye duara linalokaribiana mno na hilo. Pale ni nembo ya kikosi cha askari tu. Umbo likiwa peke yake halisemi kitu.

"Kama katika duara hilo, mizani katika sanaa ni pande mbili kulingana." Mwenye kusema hivyo ashike njia ya Komanda na Mambasa, akatazame nguo za gome za Wambuti, watu wa msitu wa Ituri. Wanaume hubandua gome na kulipondaponda hadi lilainike. Wanawake huchora, wino mweusi ukitoka kwenye tunda la gardenia. Mistari hukatika ghafla. Vitone husongamana upande mmoja, upande wa pili huachwa wazi. Hakuna nusu iliyo sawa na nusu, ila nguo haielemei popote, kwa sababu uwazi nao una uzito.

"Basi hiyo ndiyo yin na yang ya Kongo." Hapana. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull, aliyekaa Epulu katika miaka ya 1950, aliandika kuwa Wambuti hutenga ekimi, yaani utulivu, na akami, yaani kelele na ugomvi. Ekimi hutakiwa, akami huepukwa, maana huuudhi msitu. Katika yin na yang hakuna upande wa kufukuzwa. Ni fikra mbili tofauti, kila moja na kwao.

Mchoraji wa Bunia anayetafuta mizani hana haja ya kunakili duara. Azibe sehemu moja ya kazi yake kwa kiganja: iliyobaki isipopungukiwa na kitu, sehemu hizo hazikuwa zikitegemeana.