Risasi ya Kuwindia Kulungu

Mzazi mmoja wa Korogwe ameniuliza suala. Kijana wake mwenye leseni ya uwindaji alirudi kutoka pande za Handeni na mkono wa kulungu, bega zima, na nyumba ikagawanyika. Bibi mzee hataki hata mchuzi wake, asema kilichouawa kwa bunduki ni mzoga. Kijana asema alitaja jina la Mwenyezi Mungu alipofyatua. Nani ana haki?

Maneno ya bibi yana asili. Katika vitabu vya fiqhi imeandikwa kwamba windo la bunduki haliliwi. Lakini bunduki ya vitabu vile vya kale ni kidonge cha udongo mkavu, ambacho huua kwa uzito wake, wala hakitoboi. Na mnyama aliyekufa kwa kupondwa ametajwa pamoja na mizoga katika Suratul Maida, aya ya 3. Jina hilo lilihamia baadaye kwenye silaha ya baruti, nasi tukalipokea hivyo. Maulamaa waliokuja baada ya baruti walikhitalifiana. Imam Shaukani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, alihalalisha, kwa kuwa risasi hupenya mwilini. Kauli hii yalingana na hadithi ya Adiy bin Hatim, kwamba kilichochomwa kwa ncha huliwa, na kilichopigwa kwa ubavu wa chombo hakiliwi. Bali akikutwa yu hai, lazima achinjwe. Na akianguka majini akafa humo, aachwe.

Hata hivyo, vijana wangu, si kila risasi ipenyayo yafaa. Mtume (s.a.w.) ametuamuru tuue kwa wema, na mchinjaji anoe kisu chake asimtese mnyama. Mwenye bunduki kisu chake ni ile risasi aliyoichagua kabla hajaondoka nyumbani.

Ile ndogo ya .22 ina uzito wa gramu mbili na nusu hivi. Ni ya sungura na kanga. Kulungu dume aweza kupita kilo 50. Nilipokuwa kijana nilifuatana na mwindaji mmoja porini Handeni, akampiga kulungu kwa kirisasi cha namna hiyo. Tulifuata matone ya damu mpaka magharibi, tukampoteza. Kesho yake tai ndio waliotuonyesha alipo. Mtu yule alicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikikumbuka huona haya.

Kwa kulungu na swala pala, .30-06, iliyotolewa Marekani mwaka 1906, yenye risasi ya gramu 10 hadi 12 hivi, yatosha kabisa. Ile .375 ya Holland & Holland ya London, ya mwaka 1912, ni ya nyati. Tena itazame ncha. Risasi iliyovikwa shaba mpaka nchani hupita katika mwili wa kulungu kama sindano katika kitambaa, naye akakimbia kufia mbali. Hiyo ni ya mifupa minene ya nyati. Yenye ncha laini hufunuka ndani na kumwangusha upesi, ikipigwa nyuma ya bega penye moyo na mapafu. Ama magobori yanayoshindiliwa vipande vya vyuma, sina la kuyasifia: hujeruhi wengi kuliko yanaowaangusha. Na bila ya leseni, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 haimsikilizi mtu.

Limebaki la jikoni. Lugha yetu yaita risasi ile inayofyatuliwa, na risasi madini yenyewe. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na wenye mimba, na ncha laini ikifunuka humwaga chembe zisizoonekana kwa jicho. Denmark ilikataza risasi za madini hayo kwa uwindaji mwezi wa Aprili 2024, na wawindaji huko hutumia za shaba tupu.

Basi, ikiwa kijana alifanya kama alivyosema, nyama ile ni halali. Bibi asilazimishwe, Mtume mwenyewe aliacha kula kenge wa jangwani asimharamishie mtu. Na kwa kuwa ni bega, mama wa nyumba akate na kutupa nyama yote iliyozunguka tundu, kwa upana mkubwa kila upande, wala asimpe paka.