Usonji: Anajua hesabu, mbona hajifungi vifungo?

Kila ifikapo Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, mazungumzo mengi huhusu dalili za mapema: mtoto amechelewa kusema, hamtazami mtu usoni. Mambo ya kuoga, kupiga mswaki, kuchemsha chai au kulipa nauli husikika kwa nadra. Lakini hayo ndiyo yanayoamua kama atakapokuwa mtu mzima ataweza kukaa bila kuangaliwa saa zote.

Nchini Marekani, Catherine Lord na wenzake waliwafuatilia watu 192, wengi wao wenye usonji, kuanzia umri wa miaka 2 hadi 21. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha makundi mawili. Kundi moja lilipata stadi za kila siku zinazolingana na ukuaji wa miaka 12. Jingine, katika kipindi hicho hicho cha takriban miaka 20, lilisogea miaka mitatu hadi minne tu.

Uelewa wa lugha ulichangia tofauti hiyo. Kilichotuvutia zaidi ni hiki: watoto ambao wazazi wao waliwafanyia mazoezi kwa zaidi ya saa 20 kabla hawajafika miaka mitatu walionekana zaidi katika kundi la juu. Si ushahidi kwamba mazoezi pekee ndiyo yaliyoleta tofauti, ila si jambo la kupuuza.

Na akili darasani si kinga. Kijana anaweza kupata alama nzuri za hesabu huku bado akiogeshwa. Kuoga kuna hatua nyingi, kuna maji yanayomshtua na sabuni ambayo harufu yake haivumilii. Isitoshe, asubuhi mama anawahi daladala. Kumvalisha ni dakika mbili, kumsubiri avae mwenyewe ni dakika 20. Hatumlaumu. Ila asubuhi hizo zikirundikana miaka kumi, kijana hajapata nafasi ya kujifunza.

Wataalamu hupendekeza kuanzia mwisho. Mzazi amvalishe shati, afunge vifungo vyote isipokuwa kimoja, hicho amwachie mtoto. Akikiweza, kesho aachiwe viwili. Hivyo kila mara mtoto ndiye anayeikamilisha kazi.

Hakuna umri wa kukata tamaa. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2012, ulikuta stadi hizi zikiendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu, kisha zikasimama, na mwanzoni mwa miaka ya thelathini zikaanza kushuka.

Hapo ndipo tunapoona pengo kwetu. Kenya imeingiza shughuli za maisha ya kila siku katika mtaala wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu wanaosoma kwa hatua, na ni jambo la kupongezwa. Lakini shule ina mwisho. Kijana anayerudi nyumbani akiwa na miaka 20, uwezo wake ungali unakua, mara nyingi hukuta mwalimu aliyebaki ni mzazi wake tu, naye anazeeka.