Kazi za Mikono: Tundu Refu Katika Tendegu

Juma hili twataka kuwasaidia akina baba na vijana wanaojitengenezea kitanda. Tunawakumbuka hasa wenzetu wa Minembwe, katika milima ya Fizi, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000. Usiku wa huko ni wa baridi kali, na mtoto alalaye chini huamka na ubaridi wa udongo mwilini. Tena tangu mwaka 2017 vita vimewahamisha watu wengi, wengine zaidi ya mara moja. Kitanda kilichopigwa misumari huachwa nyuma. Lakini kitanda cha ndimi na vigingi hufunguliwa kwa nyundo, kikafungwa kamba, kikachukuliwa begani.

Kazi yote imo katika matendegu, yaani miguu ya kitanda. Kila tendegu, lenye unene wa sentimita 10 hivi, lapasa kutobolewa mara mbili, toka upande huu hata upande wa pili: tundu moja la mfumbati, ule mti wa ubavuni, na jingine la kitakizo, mti wa kichwani au wa miguuni. Matundu hayo yasiwe kimo kimoja, yasije yakakatana ndani.

Wengi hutoboa toka upande mmoja tu, kwa nguvu. Tundu fupi likipotoka kidogo, si neno. Tundu refu huzidi kupotoka kadiri liendavyo ndani, na keke hutokea pasipotazamiwa. Kwa hiyo pima vema, tia alama pande zote mbili, utoboe nusu huku na nusu huku. Matundu yakikosana kidogo katikati, patasi itayapatanisha. Tena mti hautapasuka pale ncha inapotokeza.

Mmoja azungushe keke, na mwingine achutame kando, ashike uzi wenye jiwe kuwa timazi, aangalie kama keke imesimama wima. Mwanafunzi afaa sana kwa kazi hiyo, wala asiione kuwa duni: mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mt. Yosefu Mfanyakazi, naye alikuwa seremala.

Kila keke ikiingia upana wa kidole gumba, itoe, ukung'ute unga wa mti. Unga ukijaa ndani, chuma hupata moto, hukwama, na penye haraka huvunjika. (Na kuteremka mpaka Baraka kutafuta kingine si safari ya asubuhi moja!) Sabuni kavu kidogo juu ya chuma husaidia.

Keke yako ikiwa nyembamba, pekecha vitundu kadhaa ndani ya duara, umalize kwa patasi. Wengine hutumia chuma cha moto. Hatuwakatazi, kwani ndivyo mipini ya majembe ilivyotobolewa tangu zamani. Ila tundu la moto hupanuka na kuacha makaa ndani, na ulimi hulegea upesi.

Ukitumia mkaratusi, usiutoboe mbichi, maana hupasuka ukikauka. Mwisho, kigingi kipite katika ulimi, nje ya tendegu, wala kisitiwe gundi.