Madhambi Yasiyo na Nia: Beki, Sheria na Kiswahili cha Uwanjani

Kati ya maneno yote ambayo Kiswahili kimejitwalia katika kandanda, ni machache yaliyoota mizizi kama neno madhambi. Mshabiki aliyeketi katika Uwanja wa Sudi mjini Bungoma hulisikia, kijana anayetazama mechi za Ulaya katika kibanda cha video mjini Kitale hulisikia, na mkulima wa Kiminini mwenye redio yake shambani hulisikia pia: beki amecheza madhambi, mshambulizi amefanyiwa madhambi, mwamuzi ameyaona madhambi. Ni neno tamu, na si ajabu kwamba watangazaji wanalienzi. Hata hivyo, ni neno lililotoka msikitini na kanisani kabla ya kuingia uwanjani, na lilipoingia halikuuacha mzigo wake langoni. Dhambi, katika matumizi ya kila siku, hufungamana na nia. Aliyemkanyaga mwenzake kwa bahati mbaya huomba radhi, hatubu.

Hapo ndipo penye tatizo, kwa maana sheria za kandanda ziliachana na nia mnamo 1995. Hadi mwaka huo, Sheria ya 12, inayohusu makosa na utovu wa nidhamu, ilimtaka mwamuzi aamue iwapo mchezaji alimpiga mpinzani teke, alimkwatua au alimsukuma kwa kukusudia. Bodi ya kimataifa inayotunga sheria hizo, IFAB, ikaliondoa sharti hilo katika makosa ya kukabiliana kimwili. Tangu hapo mwamuzi haulizwi ni nini kilichokuwa moyoni mwa beki. Anaulizwa mguu ulifika vipi, kwa kasi gani, na ulimweka mpinzani katika hatari ya kiasi gani.

Badala ya nia, sheria iliweka ngazi tatu. Kuna mchezaji anayefanya uzembe: hakuwa makini alipomkabili mwenzake, na adhabu yake ni mkwaju tu. Kuna yule asiyejali hatari wala matokeo ya kitendo chake kwa mpinzani. Huyo huonyeshwa kadi ya manjano. Wa tatu ni yule anayetumia nguvu kupita kiasi na kuhatarisha usalama wa mwenzake, naye hutolewa nje kwa kadi nyekundu. Katika ngazi zote tatu, neno kukusudia halimo. Beki anaweza kuwa mtu mwema kuliko wote uwanjani, akateleza kwa dhati akiutafuta mpira, na bado akastahili kuondoka.

Mabadiliko haya hayakuzuka ghafla. Mwaka 1863, kanuni za kwanza za Chama cha Soka cha Uingereza zilipokuwa zikijadiliwa, vilabu vilivutana kuhusu iwapo mchezaji aruhusiwe kumpiga mwenzake mateke ya muundi. Walioamini kuwa mateke hayo ndiyo uanaume wa mchezo walishindwa, na klabu ya Blackheath ikajiondoa. Mjadala ule haujaisha hadi leo. Umebadilisha mavazi tu. Kadi za manjano na nyekundu zilianza kutumiwa katika Kombe la Dunia la 1970 nchini Mexico, wazo la mwamuzi Mwingereza Ken Aston. Mwaka 1990 FIFA iliagiza kwamba anayemnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga kwa kumchezea visivyo atolewe nje. Kabla ya Kombe la Dunia la 1998 nchini Ufaransa, rafu ya kutoka nyuma inayohatarisha usalama wa mpinzani ikatangazwa kuwa kosa la kadi nyekundu. Wanaozungumzia hatua hiyo aghalabu humtaja Marco van Basten wa Uholanzi, ambaye vifundo vyake vya mguu vilimlazimisha kustaafu mwaka 1995 akiwa na miaka 30, ilhali mechi yake ya mwisho aliicheza mwaka 1993. Mabeki waliomwandama hawakuwa na chuki naye. Walikuwa kazini.

Je, haya yote yanaihusu vipi kandanda ya magharibi mwa Kenya? Yanaihusu kwa sababu eneo hili ni shamba la wachezaji. Shule ya Wavulana ya St. Anthony's mjini Kitale imo miongoni mwa zile zinazotajwa mwanzo soka ya sekondari inapozungumziwa nchini. Klabu ya Nzoia Sugar, iliyopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2017, iliwaletea watu wa Bungoma mechi za kulipwa pale Sudi. Kijana anayejifunza kukaba huku anajifunza kazi, wala si mchezo wa jioni. Kadi nyekundu kwake ni mechi asizocheza, marupurupu asiyopata, na pengine nafasi ya kuonekana na klabu kubwa ambayo hairudi tena. Mguu uliovunjika wa mshambulizi ni hivyo hivyo, tena zaidi.

Lakini kijana huyu hufunzwa sheria kwa lugha gani? Si kwa lugha ya ngazi tatu. Hufunzwa kwa lugha ya madhambi na ya rafu. Na neno rafu, licha ya ukakamavu wake, lina kasoro ya aina nyingine: ni gunia. Kuvuta jezi ni rafu, kupiga ngwala ni rafu, kurukia kifundo cha mguu kwa njumu zilizoinuliwa ni rafu. Gunia moja haliwezi kumsaidia mtu anayetaka kujua kwa nini kitendo cha jana kilipata mkwaju tu na cha leo kimemfukuza uwanjani. Ndiyo maana beki wetu, kadi inapotolewa, huinua mikono na kusema maneno yale yale: sikukusudia, niligusa mpira kwanza. Jukwaa zima humuunga mkono. Mwamuzi anaonekana ama kipofu ama mla rushwa, na mambo yakizidi, mawe hurushwa.

Utetezi huo wa kugusa mpira kwanza haufai kubezwa. Una asili yake. Toleo la sheria la 1997 lilitaja wazi kosa la kumgusa mpinzani kabla ya kuugusa mpira, na kizazi kizima cha makocha kilikariri hivyo. Baadaye kigezo hicho kikaondolewa, lakini hakuna aliyezunguka kutoka Webuye hadi Kitale kuwaarifu watu kwamba kimeondolewa. Mshabiki anayeapa kwamba beki aliugusa mpira kwanza hasemi upuuzi. Anasema sheria iliyokufa.

Ilipofika Agosti 2025, pengo hili lilianikwa hadharani. Mashindano ya CHAN, yanayowahusu wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao pekee, yaliandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda. Harambee Stars ilikuwa basi timu ya wachezaji wa ligi ya nyumbani, ligi ambayo ilikuwa imechezwa bila picha za video za kumsaidia mwamuzi, yaani VAR. Katika mechi dhidi ya Angola, iliyomalizika kwa sare ya 1-1, Marvin Nabwani alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya nusu saa ya kwanza kwisha. Siku tatu baadaye, dhidi ya Moroko, Chrispine Erambo naye akatolewa muda mfupi kabla ya mapumziko, baada ya mwamuzi kuitazama upya picha ya tukio. Kadi mbili nyekundu katika mechi mbili mfululizo.

Vilio vilivyofuata vilikuwa vya aina ile ile: mbona mchezo wa kawaida umegeuzwa jinai? Neno la kupimwa hapo ni hilo kawaida. Katika ligi isiyo na picha, mwamuzi mmoja na wasaidizi wawili huliona tukio mara moja, kwa pembe moja, na aghalabu hulipa daraja la chini wasipokuwa na hakika. Mchezaji hujizoeza kwa kipimo hicho. Anapofika mbele ya kamera zinazoweza kurudisha tukio polepole na kuonyesha njumu ilipotua, kipimo kimebadilika ingawa sheria ni ile ile. Inaweza kusemwa kwamba picha ya polepole huonea, kwani huufanya mguu uonekane kama uliokuwa na muda wa kufikiri. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, haimwondolei mtu wajibu wa kujua kwamba swali linaloulizwa mbele ya picha hiyo si la nia.

Kilicho muhimu zaidi katika mechi zile mbili ni kilichotokea baada ya kadi, na hakijazungumzwa vya kutosha. Wakiwa kumi, Wakenya walicheza zaidi ya dakika 60 dhidi ya Angola bila kufungwa bao jingine. Wakiwa kumi, walililinda bao moja la Ryan Ogam kwa kipindi chote cha pili dhidi ya Moroko, timu ambayo hatimaye ndiyo iliyotwaa kombe. Safu iliyopungukiwa na mtu mmoja haiwezi kuthubutu rafu nyingine. Italazimika kusimama vizuri, kusogea pamoja, kuziba njia ya pasi kabla pasi haijapigwa, na kumwelekeza mshambulizi pembeni ambako hana madhara. Huo ndio ukabaji. Wanaolalamika kwamba sheria zimeiua kazi ya beki wangezitazama tena dakika zile. Sheria ziliua njia moja ya kukaba, ile iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Si haki, hata hivyo, kumtwika beki wa Bungoma lawama yote. Msimu mrefu wa mvua katika eneo hili huigeuza nyasi kuwa utelezi, na anayeteleza chini kuukata mpira penye tope hana breki. Sheria haisomi hali ya hewa. Vilevile sheria yenyewe haina msimamo ulionyooka kuhusu nia: mwaka 2016 iliamuliwa kwamba anayemnyima mpinzani bao la wazi ndani ya eneo la hatari, ikiwa alikuwa akijaribu kuucheza mpira, apewe kadi ya manjano badala ya nyekundu pamoja na penalti. Jaribio la kuucheza mpira ni nini kama si nia iliyopitia mlango wa nyuma? Basi hata watunga sheria wenyewe hawajaiaga kabisa. Msomi wa Kiswahili hana sababu ya kuwacheka watangazaji.

Ana sababu, hata hivyo, ya kufanya kazi. Kwa miaka mingi IFAB imechapisha sheria zake kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Lugha inayowaunganisha mashabiki kutoka Mombasa hadi Goma haimo katika orodha hiyo. Mtangazaji hutafsiri papo hapo, mpira ukiwa unasonga, na hakuna anayepaswa kumlaumu kwa kuchota neno lililo karibu. Lawama ni ya idara za Kiswahili, ambazo zimeandika tasnifu nyingi kuhusu sitiari za watangazaji wa soka, jinsi wanavyoita mkwaju kombora na lango ngome, na zikapita kando ya swali la iwapo istilahi hizo zinawaeleza wachezaji ukweli. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma kwenyewe. Safari ya kutoka darasa la isimu hadi benchi la kocha pale Sudi ni fupi mno kuwa kisingizio.

Kazi yenyewe si kubwa. Madhambi liachwe lilivyo. Limekwisha kukaa, na kulifukuza ni kupoteza muda. Kinachohitajika ni maneno matatu ya ngazi tatu, yatumike darasani, redioni na katika kozi za waamuzi bila kubadilishwa badilishwa. La kwanza lipo: uzembe, na kila mchezaji analielewa. La tatu, nguvu kupita kiasi, ni refu lakini halina utata. La pili ndilo linalosumbua. Wako wanaolitafsiri kwa papara, na papara ina mvuto wa ufupi. Lakini mwenye papara ni mtu wa haraka, na haraka inaweza kuwa uzembe tu. Sheria inamzungumzia aliyepuuza hatari ambayo alipaswa kuiona mbele yake, akaendelea. Neno kutojali, japo ni la kawaida na halina madoido, linalifikia jambo hilo karibu zaidi, na lina faida kwamba kocha wa shule ya Kitale anaweza kulipigia kelele kutoka kando ya uwanja na beki wake akajua mara moja anakatazwa nini.